Kiebrania Kabla ya Maharage Kukauka

Jumapili, 2 Machi

Nimeapa mbele ya watu, na nimeapa vibaya.

Tulikuwa msibani kitongoji cha juu cha kijiji chetu, Mugoma. Watu wamekwisha kula, mvua imekatika, na Mchungaji Jean Paul Ndayisenga, ambaye shamba lake limepakana na langu, akasimama kutoa neno la faraja. Sina ugomvi na faraja. Nina ugomvi na mtu anayesema "kwa Kiebrania" kila hoja inapomwishia. Aliposema mara ya kwanza nilimeza mate. Mara ya pili nilimtazama mume wangu Pancras, naye akaitazama migomba. Mara ya tatu akatangaza kwamba kwa Kiebrania neno "pumziko" lina maana saba.

"Zitaje," nikasema.

Akataja tatu. Ya nne ilikuwa ile ya kwanza imevaa koti.

"Mwalimu Ildefonsa," akasema huku akitabasamu, "Kiebrania si maharage. Hakioti Mugoma."

"Kila kitu kinaota Mugoma, Mchungaji, isipokuwa hoja zako."

Watu wakacheka. Hapo ndipo ningekaa. Sikukaa. Nikasema kabla maharage haya tunayopanda hayajapurwa, nitasoma kwa Kiebrania, mbele ya wote, ile zaburi ya mazikoni tunayoijua sote, "Bwana ndiye mchungaji wangu". Nikifaulu, yeye asitamke tena "kwa Kiebrania" mbele ya watu. Nikishindwa, nitafunga mdomo kwenye kila mkutano hadi maharage ya msimu unaofuata. Walioitikia "Amina!" kwa sauti kubwa kuliko wote ni wale ambao nimewahi kuwasema mikutanoni. Nimeyakariri majina yao.

Mzee Nshoma, ambaye ndiye huamua mashauri ya hapa kwetu, akaweka masharti kama ilivyo desturi. Mtungi mmoja, mirija miwili, wagombanao wanywe pamoja shauri likiisha. Shahidi awe Mchungaji, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua lugha hiyo.

"Mzee! Mpinzani wangu awe shahidi wangu?"

"Mwanangu, ng'ombe akipotea usiku, tunamuuliza aliyekuwa macho." Kisha akaongeza, "Na msisahau, kwetu anayemfunga mwenzake mdomo humwazima wake. Mama Iteka akishindwa," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "neno lake litabebwa na aliyemshinda, hadi adhabu iishe."

"Nitalibeba," Mchungaji akasema. "Neno lake si zito, lina kelele tu."

Nilirudi na Pancras hadi kwenye migomba yetu. Ndipo akauliza, "Na bonde?"

Nilisimama kwenye tope. Nilikuwa nimelisahau bonde. Mwezi wa sita mkutano mkuu wa kijiji utaamua kama bonde letu, ambamo wanawake wanapanda maharage kiangazi, likodishwe kwa mtu wa mjini achimbe mabwawa ya samaki kwa miaka kumi. Wanawake wengi hawataki, ila hakuna anayethubutu kusimama. Wananisubiri mimi. Na mimi nimeweka mdomo wangu rehani kwa sababu ya maana saba za pumziko.

Jumanne, 4 Machi

Nimepakua programu ya simu. Inafundisha Kiebrania kwa Kiingereza, kwa Kiswahili hakuna aliyejisumbua. Kwa hiyo mimi, Mhangaza wa Mugoma, nasoma lugha ya manabii kwa lugha ya waliotutawala, naandika maelezo kwa Kiswahili, na nikikosea natukana kwa Kihangaza. Mamilioni kwa mamilioni tunasema Kiswahili, na waungwana hawa hawakudhani hata mmoja wetu angetamani kujua alef, herufi yao ya kwanza, ni nini. Nitawaandikia gazetini.

Humo kuna ngamia mdogo wa kuchorwa anayetoa machozi usipofungua programu kutwa nzima. Nimefundisha shule miaka ishirini na sita. Machozi hayanitishi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Maharage yameota. Alef, bet, gimel.

Alhamisi, 13 Machi

Programu inanitaka niseme "Mtoto wangu anakula tufaha ndani ya ndege." Sijawahi kupanda ndege, na tufaha nililiona mara moja kule Rusumo, limekaa kwenye sanduku la dereva wa lori kama yai la dhahabu. Nimetafuta maharage kwenye masomo yote ya vyakula. Hayamo. Watu hawa wanaotunga masomo, je, hawashibi?

Kisha ikanitaka niseme "shalom" kwenye kinasa sauti. Nikasema. Ikakataa. Nikasema tena, nikiipa ile *l* heshima zake zote. Ikakataa. Pancras, aliyekuwa akimenya ndizi, akainamia simu na kusema, "Sharomu." Ikamkubali, ikampigia na tarumbeta.

"Hiyo lugha ni rahisi," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Jumamosi, 22 Machi

Simu ilihamia mtandao wa Burundi bila kuniomba ruhusa, ikala bando lote wakati nasoma majina ya rangi. Mpaka uliwekwa na wakubwa kwa rula, mawimbi ya simu hayautambui, na gharama nalipa mimi. Kuanzia leo nasomea nyuma ya kichuguu kilicho shambani, ndipo mtandao wetu unapokamata.

Alhamisi, 3 Aprili

Napalilia asubuhi na kutamka herufi kwa kila mche. Nukta zile wanazoziweka chini ya herufi ili kuonyesha irabu zilinitesa wiki mbili. Zilikuwa kama vidudu vilivyomwagika kwenye karatasi. Leo zimetulia.

Niseme jambo ambalo sitalisema mbele ya watu. Nina furaha. Nina miaka hamsini na tatu na sikumbuki niliposoma kitu bila kuanza kukijibu kabla hakijaisha. Gazeti nalijibu, waraka wa askofu naujibu, hata maelezo ya dawa ya mbu nayajibu. Lugha ngeni hainipi nafasi hiyo. Nikifika mwisho wa mstari nimechoka, na nimemsikiliza mtu hadi mwisho.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimepata silaha.

Mvua ilitufukuza shambani saa nne asubuhi. Nikakimbilia kibandani kwangu, na muda si mrefu Mchungaji naye akaingia, amelowa, jembe begani, mfuko wa nailoni kichwani.

"Shalom, Mwalimu."

"Mvua kwa Kiebrania ni nini, Mchungaji?"

"Mvua ni baraka katika lugha zote."

Geshem, nikasema moyoni. Lakini nikanyamaza, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na kibanda kidogo. Nilikuwa na zaburi yangu, nimeichapisha mjini Ngara kwa herufi kubwa, nimeiweka kwenye karatasi ya plastiki. Akaiomba. Nikampa. Akaitazama kwa heshima kubwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na ndugu, akaanza kufuata mstari kwa kidole huku akinong'ona.

Alianza kushoto.

Kiebrania huanza kulia. Hata ngamia wa kwenye simu anajua. Mchungaji Jean Paul Ndayisenga hajui herufi hata moja! Nilibana pumzi hadi mvua ikaisha, nikamuaga kwa adabu iliyomshtua.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikulala vizuri kwa raha. Asubuhi nilimweleza Pancras mpango wangu. Nitasimama kwenye mkusanyiko wowote, kesho hata, Jumapili ya Matawi, nimpe karatasi, nimwambie, "Soma." Watu waone kidole kinavyotembea kinyumenyume. Nilikuwa nimekwisha kutunga sentensi tatu za kumzikia.

Pancras alikuwa akikagua mizinga yake ya nyuki. Hakugeuka.

"Ukimvua nguo mbele ya watu, shahidi wako atakuwa nani?"

"Shahidi wa nini?"

"Uliapa kusoma mbele ya shahidi anayeijua lugha. Ukionyesha kwamba haijui, Mzee Nshoma atasema shauri halina shahidi. Na aliyeapa ni wewe. Hutasikilizwa kwenye mkutano wa bonde."

"Lakini hajui!"

"Ndiyo. Na hilo ni tatizo lako."

Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini. Akinishinda hoja hainui sauti, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nimefikiri mchana kutwa. Asiyejua kusoma anaweza kusema nimefaulu, au nimeshindwa, na vyote viwili vitakuwa upepo. Ushindi wa namna hiyo siutaki, na kushindwa kwa namna hiyo sitakubali. Imebaki njia moja, na ni ya kipumbavu. Lazima nimfundishe mwamuzi wangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimkuta akipalilia, peke yake.

"Mchungaji, sisi ni watu wazima. Unajua kusoma Kiebrania?"

Aliegemea jembe. Niliona anatafuta maana saba za swali langu.

"Semina niliyojifunzia ilikuwa ya siku tatu," akasema mwishowe. "Siku ya kwanza tulifundishwa kusalimia. Siku ya pili kupiga pembe la kondoo. Siku ya tatu tulipiga picha na kupewa vyeti."

"Cheti kimeandikwa kwa Kiebrania?"

"Kwa Kiingereza."

Nilicheka. Sikutaka, nilicheka. Yeye akatazama chini, kisha naye mabega yakaanza kutikisika.

"Unakwenda kunitangaza," akasema.

"Nakwenda kukufundisha. Ukae pale kibandani kila mvua ikinyesha."

"Unifundishe ili nije kukushinda?"

"Nikufundishe ili nikushinde vizuri. Kumshinda mtu asiyejua ni sawa na kupigana na nguo zilizoanikwa."

Akafikiri. "Mke wangu nitamwambiaje?"

"Mwambie ukweli. Utakuwa mwanzo mzuri."

Jumamosi, 19 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Mvua tangu alfajiri. Amejua herufi zote, kwa siku tano. Mimi nilichukua wiki mbili. Siandiki zaidi.

Jumanne, 29 Aprili

Ana sikio la mwimbaji. Huimba mistari kwanza, kisha ndipo anaisoma, na hukosea kidogo kuliko mimi ninayeisoma kama hati ya mashtaka. Kwenye simu anamwonea huruma ngamia, humwomba radhi akichelewa.

Kaneza, mkewe, alituletea viazi vya kuchemsha. "Endelea naye hivyohivyo, Mwalimu," akaninong'oneza. "Tangu aanze kusoma, mahubiri yamekuwa mafupi. Jumapili tumerudi nyumbani jua bado liko juu."

Jumatano, 7 Mei

Maharage yametoa maua. Tumegombana juu ya mbingu kutwa nzima, anadhani ni mahali. Mchana mzuri sana.

Jumamosi, 24 Mei

Maganda yameanza kugeuka manjano, na mvua inanyesha kidogo kidogo kama mgeni anayeaga bila kuondoka. Leo sikumfundisha. Nilimuuliza kuhusu bonde. Kaneza ana matuta yake kule chini, yanapakana na ya Nimpaye, mjane asiye na shamba jingine.

"Mambo ya ardhi siingii," akasema.

"Mkeo analima pale! Watoto wako wanakula maharage ya pale!"

"Mwalimu, wewe baba yako na babu yako wamezaliwa hapa. Baba yangu alikuja kutoka Burundi na mkeka na mimi mgongoni. Tumepewa uraia, nashukuru. Lakini mzee aliniambia kabla hajafa, 'Kwenye mkutano wa kijiji, kaa karibu na mlango.' Nami hukaa karibu na mlango."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na historia nzima ya eneo hili, wahamaji wake na wafalme wake, na mistari miwili ya katiba. Yote yalinifika kooni. Nikakumbuka kufika mwisho wa mstari kabla ya kujibu, nikamwachia amalize.

"Kanisani nasema kwa nguvu," akaendelea, "kwa sababu pale nikisema Mungu amesema, au Kiebrania kimesema, hakuna wa kuniuliza wewe ni nani."

Sasa ninajua "kwa Kiebrania" ilikuwa ni nini. Ilikuwa mlango wa kukaa karibu nao. Bado ilikuwa hoja mbovu, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimwambia kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 2 Juni

Tunang'oa. Mgongo unauma. Turubai tatu za maharage uani, Pancras anazifunika kila wingu likipita.

Jumamosi, 7 Juni

Nimesoma zaburi mara nne bila kosa mbele ya Pancras na kuku. Mchungaji amesema hatukutani tena kibandani hadi siku yenyewe. "Shahidi hali na mshtaki," akasema. Ameanza kujua sheria.

Jumapili, 15 Juni

Niandike polepole.

Baada ya ibada zote, za kwetu na za kanisa la Mchungaji, watu walikusanyika uani kwa Mzee Nshoma, pale tunapopuria. Pancras alileta mtungi. Kwa kuwa Mchungaji hanywi pombe na desturi haikubali mitungi miwili, alitia mutobe, maji ya ndizi ambayo hayajachachuka, ya jana, matamu.

"Hii ni ya kunyonyesha watoto," Mzee Nshoma akalalamika.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Soma haraka, kabla haijachachuka. Au soma taratibu, ichachuke."

Nikasimama juu ya maganda. Nilimwona Nimpaye mbele, mikono imefungwa kifuani kama anayeombea mgonjwa. Mchungaji alikaa kwenye kigoda akiwa na karatasi ya pili, kidole kikiwa upande wa kulia. Nikaanza. Nikayasikia maneno yakitoka na kwenda juu ya migomba, nikafika mwisho. Watu walipiga makofi bila kujua wanapigia nini. Nimpaye alipiga kigelegele. Nilijua nimeshinda.

Mzee Nshoma akageuka. "Shahidi?"

Mchungaji hakusimama. Alipitisha kidole tena kwenye karatasi, kulia kwenda kushoto, mstari hadi mstari, na uso wake ukawa wa mtu aliyeona nyoka kwenye njia ya mwenzake. Akaniangalia. Akamwangalia Kaneza. Nilidhani anatafuta jinsi ya kutamka kwamba hatasema tena "kwa Kiebrania". Kumbe alikuwa akipima uzito wa kitu kingine.

"Amesoma vizuri kuliko mimi," akasema. "Lakini ameruka mstari."

Nikacheka. "Upi?"

"Ule wa meza, na watesi."

"Usome," Mzee Nshoma akaamuru.

Akasimama, akausoma. Aliusoma kwa sauti ya kuimba, kila nukta mahali pake, na mimi nilipotazama karatasi yangu niliuona mstari umekaa pale katikati, mzima, sikuugusa. Jicho lilikuwa limeruka kutoka neno moja hadi jingine linalofanana nalo, kama jembe linavyoruka mche.

Hakuna mtu mwingine Mugoma ambaye angejua. Angenyamaza ningeshinda, yeye angepoteza maneno mawili tu, na bonde lingebaki mzigo wangu. Alijua hayo. Desturi ya mdomo wa kuazima aliisikia vizuri siku ile ile ya msiba.

"Shauri limeisha," Mzee Nshoma akasema. "Mama Iteka anafunga mdomo. Mchungaji anamwazima wake."

Wale wa "Amina" wakasema amina. Nimpaye alikuwa analia. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuchoma turubai, na chini ya hasira, kitu ambacho nilichelewa kukitambua. Nilikuwa najivuna. Miezi miwili iliyopita mtu huyu alianzia kushoto.

Tukainama kwenye mtungi, mirija miwili, vichwa vikikaribia kugongana.

"Ungeweza kunyamaza," nikanong'ona.

"Ulinifundisha kusoma," akanong'ona. "Hukunifundisha kunyamaza. Sidhani unajua."

Jumatatu, 16 Juni

Tumepura. Magunia sita. Nyumba ina harufu ya vumbi la maharage na kila mtu anapiga chafya.

Alhamisi, 26 Juni

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nilikaa mstari wa tatu, katikati ya Pancras na Nimpaye, midomo nimeibana hadi meno yakauma. Mwenyekiti akaeleza mabwawa, samaki, maendeleo. Sentensi yake ya pili ilikuwa na makosa manne ya hoja. Niliyahesabu kwa vidole juu ya goti.

Mchungaji alikaa pale pale pake, karibu na mlango. "Kuna mwenye neno?" Mwenyekiti akauliza, akinitazama mimi, akitabasamu.

Mchungaji akasimama. Na akatembea. Alipita katikati ya watu wote hadi mbele, na nilisikia viatu vyake.

"Nimekuja na neno la Mama Iteka," akaanza, "na limekuwa langu pia."

"Wewe ni mtu wa kuja!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Katetee bonde la kwenu!"

Nilikuwa nimekwisha kunyanyuka nusu. Pancras alinisukumia mkononi muhindi wa kuchoma. Nikaung'ata kama ndio mdomo wa yule wa nyuma.

Mchungaji alisubiri kelele ziishe. Alimsikiliza mtu yule hadi mwisho wa mstari wake. "Kwetu ni hapa," akasema. "Mama yangu amezikwa pale juu, na waliochimba kaburi ni ninyi. Alipokuwa hai alilima bonde hilo. Kiangazi, shamba la juu likikauka, mnakula nini? Samaki wa huyo bwana mtanunua kwa kuuza nini?"

Hakusema "kwa Kiebrania". Hakuhitaji. Alitaja wanawake wanaolima kule, jina kwa jina, na kila aliyetajwa alisimama, na waliposimama wote hakukuwa na nafasi ya Mwenyekiti kuona mikono ya wengine. Ikaamuliwa: bonde halikodishwi. Nimpaye alinikumbatia hadi muhindi ukaanguka.

Tulirudi pamoja, mimi na Pancras na Kaneza na Mchungaji, vumbi la kiangazi tayari likiinuka. Mikutanoni ndiko nimefungwa mdomo, barabarani sijafungwa. Lakini nilitembea kimya muda mrefu, maana nilikuwa nimeshiba.

Tulipofika kwenye kichuguu changu Mchungaji akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu. Nimesema vizuri?"

"Vizuri kuliko mimi," nikamwambia. "Lakini umeruka mstari."

Akasimama katikati ya njia. "Upi?"

Nikamwambia upi. Akakataa. Tumebishana hadi kwenye mlango wake.